Choki ya Umeme Iliyokataa Kufunguka: Uzoefu Wangu na Pikapu Kuukuu

Nina pikapu ya Kijapani ya mwaka 1984, ya petroli na kabureta, ambayo huniteremshia kabeji na viazi kutoka Kapchorwa hadi Mbale mara tatu kwa wiki. Kapchorwa iko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi na moja alfajiri baridi ya huko humtafutisha koti hata aliyezaliwa huko. Choki, kifaa kinachopunguza hewa kwenye kabureta (panapochanganyikia petroli na hewa) ili injini baridi iwake, kwangu si pambo, kwa kuwa bila hiyo stata huzungushwa mpaka betri ikazimia.

Msimu wa mvua uliopita gari lilianza tabia nisiyoielewa. Alfajiri liliwaka vizuri, lakini hadi kufika Sipi injini ilikuwa bado inanguruma kwa kasi kana kwamba mguu wangu umo kwenye mafuta, moshi mweusi ukinifuata nyuma na harufu ya petroli mbichi ikiingia hadi kwenye kiti. Nilipofungua plagi, zote nne zilikuwa zimejaa masizi makavu kama chini ya sufuria ya kuni. Kijiti cha kupimia oili nacho kilinuka petroli, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu petroli ikishaingia kwenye oili huifanya iwe nyepesi, na vyuma huanza kulana.

Fundi wangu wa Mbale ni kijana wa Kigisu nami ni Mwacholi niliyewahi kuwa dereva jeshini, kwa hiyo mazungumzo yetu ni Kiswahili tangu siku ya kwanza. Alitazama, akaguna, akasema, "Mzee, kabureta hii imekufa. Tuagize nyingine Kisekka, kule soko la vipuri Kampala, au nikufungie hiyo choki kwa waya ibaki wazi siku zote." Nilimwambia kwamba dawa ya waya ingemfaa mtu anayelala Mbale kwenye joto, na kwamba fedha za kabureta nyingine sikuwa nazo. Nikaomba siku mbili nijichunguzie mwenyewe.

Watu wengi hudhani kuwa umeme ndio unaofungua choki hii. Sivyo. Ndani ya kifuniko cheusi cha plastiki, ubavuni mwa kabureta, mna springi iliyoviringwa, iliyotengenezwa kwa madini mawili yanayotanuka kwa viwango tofauti. Ikiwa baridi hukifunga kipepeo, yaani kibati kinachozuia hewa mdomoni mwa kabureta, na ikipata joto hujikunjua na kukiachia. Kazi ya umeme ni kuipasha joto springi hiyo, basi. Kwa hiyo choki iliyokwama ina maswali mawili tofauti: je, joto linafika? Na kama linafika, je, kuna kitu kinachokishika kipepeo?

Alfajiri iliyofuata nilitoa kichujio cha hewa injini ikiwa baridi, nikakanyaga mafuta mara moja hadi chini, na kipepeo kikajifunga kama inavyotakiwa. Nilipowasha injini kilifunguka milimita chache, maana kuna kidude kingine kinachovutwa na ombwe la injini ili isijae petroli mara tu inapowaka. Baada ya hapo hakikusogea. Dakika kumi zilipita, nikagusa kile kifuniko cheusi kwa kidole na kukikuta baridi kama jiwe la mtoni. Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa.

Mita ya kupimia umeme ilisoma sifuri kwenye waya wa choki huku injini ikiunguruma, ingawa fyuzi ilikuwa nzima. Katika gari langu waya huo hupitia relei (swichi ya umeme) inayosubiri alteneta ianze kuchaji, ili springi isipate joto wakati ufunguo umewashwa na injini haijawaka. Niliufuata kwa mkono hadi nyuma ya injini, nikakuta kiungio kilichojaa kutu ya kijani. Nilikikwangua kwa msasa, nikakibana upya, na mita ikapanda hadi karibu volti 14. (Kuna wanaochukua umeme wa choki kwenye koili kwa kuwa iko karibu; wanainyima koili nguvu ya kutoa cheche, kisha wanashangaa gari linapokohoa.) Ndani ya dakika nne kipepeo kilisimama wima. Nilirudisha kichujio, nikafunga nati yake kwa plaizi, nikaenda kunywa chai nikijiona bingwa.

Kesho yake moshi ukarudi.

Nakiri kwamba nililitukana gari. Kifuniko sasa kilikuwa cha moto, umeme ulikuwapo, lakini injini ilinguruma vilevile. Nilichukua plaizi kulegeza nati ya kichujio ili nitazame ndani, na kabla sijakiinua kichujio mlio ukashuka ghafla wenyewe. Nilikaza tena, nikasubiri injini ipoe, nikarudia jaribio zima; nilipolegeza, mlio ukashuka tena. Nati hiyo ina masikio kwa sababu imekusudiwa vidole, lakini mimi, nikikasirishwa na mashimo ya barabara za mashambani yaliyokuwa yakiilegeza, nilikuwa nikiikaza kwa plaizi kwa miezi mingi. Gasketi, ile pete laini ya kuziba iliyo chini ya kichujio, ilikuwa imeliwa yote, hivyo nguvu yote iliubana mdomo wa kabureta wenyewe, ukapinda kidogo tu, kiasi cha kuubana mhimili wa kipepeo.

Fundi alinikatia gasketi mpya ya koki (lile gome laini la vizibo vya chupa), nami nikausafisha mhimili kwa petroli na mswaki wa zamani, bila kuupaka oili, kwani oili hushika vumbi na baada ya mwezi huwa gundi. Nati nimeifunga kwa vidole, na chini yake nimeweka washa ya springi ili isilegee. Mwishoni nililegeza skurubu tatu za kile kifuniko cheusi na kukizungusha alama moja kuelekea upande wa kufunguka mapema, kwa kuwa huku juu hewa ni nyepesi na mchanganyiko huwa mzito hata bila choki. Oili nimebadilisha yote. Sasa gari likiwaka nyumbani, mlio unatulia hata kabla sijamaliza kufunga turubai.