Siku Niliyovuta Mivukuto

Julai 2009 nilikuwa na miaka 12, na nilikuwa sijawahi kuona shaba ikiwa maji. Ni jambo la kusikitisha kwa mtoto aliyezaliwa Lubumbashi, mji wa shaba kusini mwa Kongo. Bomba la moshi la kiwanda tuliliona kila tukienda shule, na pembeni yake kile kilima cheusi cha masazo ya tanuri. Shaba ya kwanza ya kiwanda ilimiminwa hapa mwaka 1911. Malori ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yalitupita yamebeba sahani nyekundu zilizofungwa kwa mikanda ya chuma. Shaba ilikuwa yetu, tena ilitupita tu barabarani.

Jumamosi hiyo mafundi wa mtaa wetu wa Katuba walifanya sikukuu ya uhunzi kwenye uwanja wa shule. Asubuhi baridi ilikuwa inauma, na umande ulikuwa bado umelala kwenye majani. Wakata mapipa walileta mbabula zao, yaani majiko ya makaa, wengine walimimina masufuria kwa aluminiamu ya mabaki, na wahunzi wa panga na majembe waliweka vipande vya reli chini wakaanza kugonga springi za malori. Kwenye meza ya mafundi wanaogonga picha kwenye mabamba ya shaba, fundi mmoja aliniwekea bamba mkononi. Kabla ya kuligonga, alilipasha moto hadi likawa jekundu, akalitumbukiza majini. Nilidhani ameliharibu, maana nimetoka kuona mhunzi wa panga akifanya hivyohivyo ili chuma kikakamae. Shaba ikatoka laini kama ngozi. “Chuma na mukuba havina tabia moja,” aliniambia, mukuba akimaanisha shaba, na mpaka leo nikishika sufuria kongwe nalikumbuka neno lake.

Lakini watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya tanuri. Nkambo wangu, baba yake mama, alikuwa Musanga, mtu wa kabila la Wasanga, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi penye moto wa kiwanda kabla ya kustaafu. Yeye na wazee wengine wawili walijenga kijitanuri cha udongo wa kichuguu, wakaleta mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi. Zamani Wasanga walisubiri mavuno yaishe na kiangazi kishike ndipo waende machimboni kuchukua lile jiwe la kijani na kuliyeyusha kwa makala, yaani makaa. Waliita kazi hiyo kula mukuba, kwa kuwa ndiyo iliyowalisha. Misalaba midogo waliyomimina ilitumika kama fedha na kama mahari, na mingine ya namna hiyo imekutwa makaburini kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, imelazwa pamoja na wafu. Siku hiyo hatukuwa na jiwe la kijani; tulikuwa na nyaya za mota zilizoungua, zilizojaa ndoo nzima.

Kijana aliyepangiwa mivukuto hakutokea. Nkambo akatupa macho uwanjani, akaniona.

“Bibi yangu, kuya hapa.”

Ndivyo alivyoniita siku zote, mimi mjukuu wake wa kike. Mzee mmoja wa tanuri akainua mkono. “Mwanamuke hakamatake mivukuto. Tangu zamani.” Alisema kwa upole, bila dharau, kama mtu anayelinda kitu alichokabidhiwa. Nkambo hakubishana naye. Alinikalisha kwenye kigoda, akaniwekea fimbo mbili mikononi. “Huyu akishuka, yule apande. Upepo usikatike.”

Nikaanza. Kulia, kushoto, kulia. Dakika kumi za kwanza niliona fahari. Baada ya hapo niliona mabega tu. Chungu cha udongo kilikuwa katikati ya makala, na kadiri upepo ulivyoshika, ndimi za moto zilizotoka juu yake zikawa na kijani pembeni, kijani ambacho sijakiona tena kwenye moto wowote wa kupikia. Nkambo alichungulia, akaniambia, “Bado.” Akachungulia tena. “Bado.” Nilijua kuwa makala yakitulia kidogo tu, kazi yote inarudi nyuma.

Aliposema “Sasa”, wakakitoa chungu kwa koleo ndefu. Kwenye mchanga walikuwa wamechimba umbo la msalaba, refu kama kiganja changu. Shaba ikashuka, na mara ile ikaruka. Ilitema cheche, ikalia, watu wakarudi nyuma wakigongana. Tone moja likamtua mzee kwenye kiatu na kukitoboa. Tulipokaribia tena, msalaba ulikuwa nusu, umejaa matundu kama mkate.

Hakuna aliyenitaja. Ila nilihisi macho yakigeuka, na nikaziachia fimbo.

Nkambo alipiga goti kwenye mchanga. Akachota gao moja kutoka ubavuni mwa umbo, akalifinya, akafungua mkono mbele ya yule mzee. Mchanga ulibaki donge, na alama za vidole vyake zikaonekana wazi. “Maji,” alisema. “Umande wa usiku. Mukuba ukikuta maji, maji yanageuka mvuke na kuusukuma.” Akamimina makala mekundu ndani ya umbo jipya na kuyaacha humo mpaka mchanga ukamwagika kati ya vidole vyake kama chumvi.

Yule mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akainama, akakisogeza kigoda changu karibu na mivukuto, akaifunga upya kamba ya ngozi iliyokuwa imelegea, akarudi nyuma bila neno.

Mara ya pili shaba ilitulia kwenye umbo, ikang'aa kama jua la jioni, ikaingia wekundu, ikaingia weusi. Walipoigeuza na kuisugua kwa mchanga, mkono mmoja wa msalaba ulikuwa mnene kuliko mingine. Mnunuzi wa vyuma vya mabaki aliyesimama pale aliuliza tutauza kilo kwa bei gani. Nkambo aliuweka kwenye kitambaa, akautia kwenye mfuko wa koti lake.

Usiku, baada ya kula bukari, yaani ugali, na michopo, nyama ya kuchoma, mama alinipaka mafuta ya mawese viganjani. Malengelenge yalikuwa manne kulia, matatu kushoto. Nkambo alikuwa amekaa karibu na mbabula, msalaba juu ya goti lake, akiupitisha kidole pale penye unene, mara nyingi, hadi nikalala.