Siku Nilipoandika Kwamba Nitakuwa Mnajimu

Juzi usiku binti yangu alinyanyua penseli kutoka kwenye daftari lake akaniuliza, "Mama, mtu anayesoma nyota anaitwaje?" Nilifumbua kinywa nimjibu, nikakifumba, kwa sababu jibu hilohilo lilinitoa jasho nilipokuwa na miaka 13.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametupa insha kuhusu kazi tunazozitamani, nami niliandika kuwa nitakuwa mnajimu. Alianza kuisoma insha yangu kwa sauti mbele ya wenzangu. Alipolifikia neno hilo alinyamaza, akapandisha miwani hadi kwenye paji la uso, akalizungushia duara jekundu polepole, kalamu ikikwaruza hadi karatasi ikatoboka, kisha akaninyooshea kiganja chake na kusema, "Haya, mnajimu, nisomee nyota yangu." Darasa zima liliangua kicheko. Kiganja kile kilikuwa kimejaa vumbi la chaki, na mistari yake ilionekana kama imechorwa. La aibu zaidi ni kwamba nilikiinamia nikakitazama kweli. Pembeni mwa insha aliandika "mwanafalaki".

Jioni nilikimbilia kamusi. Mnajimu limetokana na neno la Kiarabu munajjim, na asili yake ni najm, yaani nyota. Hapo kale neno hilo halikumtenga anayepima mwendo wa sayari na anayezitumia kutabiri, kwani mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Hata Johannes Kepler, aliyeeleza mwaka 1609 kwamba Mirihi hulizunguka jua katika njia ya duaradufu, ndiye aliyemtabiria jemadari Wallenstein mambo yake kwa nyota. Falaki nayo imetoka kwenye falak, njia ipitwayo na sayari angani, neno lenye heshima zake, ila chini yake palikuwa na msemo "piga falaki", maana yake kutabiri kwa nyota. Kumbe mwalimu alinitoa kwa mpiga ramli mmoja akanipeleka kwa mwingine!

Kamusi ile niliibeba mkobani siku tatu, nisithubutu kuifungua mbele yake.

Binti yangu nilimwambia aandike "mwanaastronomia", nikamweleza kuwa kwa Kigiriki astron ni nyota na nomos ni sheria. Aliandika, akafuta; mstari haukutosha.

"Hakuna fupi?"

Nikamtajia mnajimu, nikamwambia aliandike kwa penseli.