Dakika 15 za asubuhi na ile mizani ya maziwa

Tuko watu sita, ofisi yetu iko juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Nakuru tauni, na tunatengeneza programu ya kupokea maziwa. Yaani karani akipima maziwa ya mkulima kule Njoro ama Bahati, kilo zinaingia kwa simu zenyewe kutoka kwa mizani, hakuna kuandika kwa kitabu, hakuna kubishana mwisho wa mwezi. Kila siku saa tatu asubuhi tunasimama mbele ya ubao wa kazi zetu, zile hazijaanza ziko kushoto na zile zinakaribia kuisha ziko kulia, tunafanya mkutano mfupi, ile wanaita standapu, na nataka niongee juu yake kwa sababu tuliifanya vibaya karibu mwaka mzima na hakuna mtu alishtuka.

Venye tulikuwa tunafanya ni hivi, tunasimama mduara, kila mtu anamwangalia bosi, anasema jana nilifanya hiki, leo nafanya hiki, sina shida. Anayefuata, sina shida. Watu sita wote hawana shida alafu Ijumaa inafika kazi haijaisha. Mimi hiyo tabia nilitoka nayo mahali nilianzia kazi, huko mkutano ulikuwa unaenda saa nzima, meneja amekaa sisi tumesimama, na ukisema umekwama unaulizwa mbele ya watu kama kweli ulisoma. Ukiulizwa hivyo mara moja hurudii tena kusema umekwama.

Sasa ile mizani. Kuna dada mdogo wetu kwa tim, ndio alikuwa ameanza, alipewa kazi ya kuunganisha mizani mpya na simu kwa Bluetooth. Jumatatu akasema naendelea na mizani. Jumanne, naendelea na mizani. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi sijui ni nini kilimsukuma, akasema mkebe una kilo 18.6 lakini simu inasoma 1, saa zingine 18, na hajui tena afanye nini. Jamaa mmoja hapo kando akageuka, akamwambia, "Wewe, hiyo ilinisumbua wiki mbili zilizopita! Mizani inatuma namba vipande vipande, programu yako inasoma kipande cha kwanza inaenda, ngoja mpaka ione alama ya mwisho wa mstari." Kabla ya chai ya saa nne ilikuwa inasoma sawa. Siku tatu zilipotea na jibu lilikuwa limesimama mita moja kutoka kwake kila asubuhi. Hiyo iliniuma sana, kwa sababu mimi ndio nilikuwa naendesha huo mkutano.

Nikarudi kusoma. Kumbe yale maswali matatu ya jana, leo na kizuizi, Schwaber na Sutherland wenyewe, hao walioanzisha Scrum, ule mtindo wa kufanya kazi kama tim ambao standapu ni sehemu yake, waliyaondoa kwenye mwongozo wao mwaka wa 2020. Zile dakika 15 zilibaki, na saa na mahali pa mkutano ni pale pale kila siku. Na mkutano ni wa madevelopa wenyewe, wapange siku yao. Hata jina Scrum limetoka kwa raga, Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, ndio walifananisha tim ya kutengeneza bidhaa na tim ya raga mwaka wa 1986. Ukiwa umewahi kwenda Prinsloo Sevens, yale mashindano ya raga hapa kwetu, umeona, wakiingia skramu vichwa vinaingia ndani pamoja, mpira uko katikati, hakuna mtu anageuka kumpigia kocha ripoti.

So tukageuka. Siku hizi tunaangalia ubao, bosi anasimama nyuma yetu (tulimwomba kwa heshima, na akakubali bila maneno). Tunaanzia upande wa kulia, kazi iliyokaribia kuisha, tunauliza inahitaji nini imalizike leo, alafu tunarudi kushoto. Mambo yakianza kuwa marefu mtu anasema "baadaye" na wale wawili wanabaki wakimaliza yao, wengine wanaenda kazi. Mwenzetu mmoja hufanyia kazi Molo, yeye anaanza kwa simu kabla netiweki ikatike. Tulijaribu kufanya kwa WhatsApp pia, ikakataa, kila mtu anaandika na hakuna anayesoma, mimi singeshauri.

Lakini kitu kilibadilisha zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilianza kusema nimekwama, kwanza, kabla ya mtu mwingine. Wiki mbili hivi hakuna aliyenifuata, nikaendelea tu.

Jana yule dada aliingia hajavua hata jaketi, akasema kuna mkulima amelipwa mara mbili kwa data ya majaribio na ametafuta sababu tangu usiku haioni. Mikono miwili ikainuka. Mkutano uliisha kwa dakika 9, wao watatu wakabaki kwa ubao na kalamu.