Sahani ya Mgeni Kati ya Nakuru na Busia

Kazi yangu ya kukagua hesabu za vyama vya ushirika hunitoa Nakuru na kunipeleka magharibi mara kwa mara, pengine Kericho na Kisumu, pengine Vihiga na Kakamega hadi Busia, na karibu kila mwenzangu katika kazi hii hulalamika kwamba safari zimemharibia afya. Malalamiko hayo siyakubali yote. Ni kweli kwamba anayelala gesti na kula hotelini hana jiko lake wala hajui mafuta yaliyo kwenye karai yamekaangiwa nini tangu asubuhi. Lakini upande huu wa nchi una vyakula bora kuliko vile ninavyojipikia nikirudi kwangu nimechoka, na tatizo letu wasafiri ni kwamba tunavipita huku tukiulizia chipsi.

Majaribu huanzia dirishani mwa matatu. Gari likisimama Salgaa au Mau Summit, wachuuzi hulizunguka na soseji, soda na biskuti, na abiria aliyetoka nyumbani bila kiamshakinywa hununua chochote kilicho karibu na mkono wake. Wachuuzi hao hao, hata hivyo, wana mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha, na yai moja na ndizi mbili hunifikisha Kericho bila njaa, mradi nimwahi muuzaji kabla hajalinyunyizia yai chumvi. Matunda hununua yale ninayoweza kumenya mwenyewe. Tikiti lililokatwa na kufungwa katika karatasi ya plastiki siligusi, kwa sababu sijui lilioshwa kwa maji gani, na ukanda wa ziwa umekwisha kuonja kipindupindu vya kutosha.

Halafu kuna joto. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu iko karibu mita 1,130, kwa hiyo anayeteremka kutoka kwenye baridi ya Londiani hadi tambarare za Ahero huanza kuona kiu ambayo watu wengi huizima kwa soda baada ya soda. Mimi hubeba maji yaliyochemshwa, na jioni humwomba mwenye gesti anijazie tena chupa kutoka kwenye birika, jambo ambalo sijawahi kukataliwa popote.

Utajiri wenyewe uko kwenye mboga. Mnavu, saga, kunde, mrenda, mito na mchicha hupatikana katika soko lolote kuanzia Kibuye hadi Luanda, na bado hoteli nyingi huwapa wageni kabichi na sukuma wiki mpaka mgeni aulize kama kuna za kienyeji. Mpishi wa hoteli ndogo karibu na soko la Mbale, kule Vihiga, aliniruhusu nisimame jikoni wakati akipika mrenda. Alikuwa amechambua majani ya mrenda pamoja na ya kunde, ili ule mtelezo usizidi. Maji yalipochemka alitia munyu, yaani maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda makavu ya maharagwe, akaongeza majani, akayakoroga huku sufuria ikiwa wazi, na kabla sijamaliza kumuuliza maswali yangu chakula kilikuwa tayari, cha rangi ya kijani na kizito, bila tone la mafuta. Nilikila na ugali wa wimbi. Nilipouliza kwa nini mboga hiyo haimo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, alisema kwamba watu wa ofisini hawaipendi, na nadhani alikuwa akinitazama mimi na begi langu.

Mnavu na saga zina taratibu tofauti, kwa kuwa zina uchungu. Wapishi wanaojua huzichemsha, kisha huzilaza na maziwa hadi kesho yake, na siku ya pili huwa tamu zaidi. Kinachoziharibu hotelini ni tabia ya kuzikaanga upya kwa mafuta mengi na kijiko cha mchuzi wa unga pindi mteja anapoagiza. Kwa hiyo, kabla sijaketi, husogea dirisha la jikoni, nikamsalimu mpishi na kumwomba anipashie tu ilivyo. Wengine hufikiri huo ni ujeuri wa mteja anayejiona. Uzoefu wangu ni kinyume chake, maana mpishi aliyezoea kusikia sauti ya mhudumu pekee hufurahi kuulizwa alichopika na jinsi alivyokipika, na mara nyingi ndiye anayenielekeza kwenye sufuria iliyo bora siku hiyo.

Samaki ni habari fupi zaidi. Pale Dunga, ufuoni mwa ziwa kusini mwa Kisumu, ngege hukaangwa mzima mpaka akakauka, na kama una haraka ndivyo utakavyomla. Ukiwa na subira, agiza wa kuchemshwa kwa nyanya, kitunguu, dhania na ndimu, naye atakuja na mchuzi unaofaa ugali kuliko mafuta yale. Omena nazo zisidharauliwe kwa kuwa ni za bei nafuu: huliwa nzima na mifupa yake, na kwa hiyo humpa mlaji madini ya kalisi ambayo minofu ya mbuta haina kwa wingi huo. Chumvi ndiyo ya kuangalia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, na kiasi hicho humalizika upesi kwenye meza ambayo kila mtu hunyunyiza kabla ya kuonja.

Hayo yote ni rahisi mahali unapolipa. Ugumu huanza unapoalikwa nyumbani, na Magharibi utaalikwa tu, upende usipende. Mwenyeji nikimwambia kwa simu kwamba mboga zinanitosha, huchukulia kwamba nina adabu njema, kisha humchinja kuku. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na watoto wa nyumba hiyo wanaijua methali hiyo kwa vitendo, kwa kuwa siku ya mgeni nao hupata finyango. Ndiyo maana simalizi bakuli lililo mbele yangu. Nianzapo na mboga, nikamega ugali kidogo kidogo, nikaomba niongezewe mchuzi mara moja, mama wa nyumba huridhika kwamba chakula kimenipendeza, na nyama inayobaki hurudi jikoni ambako inangojewa.

Bibi mmoja karibu na Luanda alinisimulia huku akicheka kwamba, ujanani mwake, mwanamke wa Kiluhya alimpika kuku kwa ajili ya mume na wageni lakini yeye mwenyewe hakumla. Kisha akanisogezea firigisi, ile ambayo kwa desturi hupewa mkuu wa nyumba au mgeni wa heshima, akasema mkaguzi ni mkaguzi hata akivaa sketi. Daktari wangu angependa nipunguze vitu kama hivyo. Niliila yote, nikamshukuru kwa majina yake yote mawili kama nilivyosikia wakwe zake wakimwita, na chakula changu cha jioni kikawa papai.

Sala ya kabla ya kula, niseme ukweli, huko huwa ndefu, na ugali huanza kupoa kabla ya Amina. Siku hizi sioni shida. Wanaotajwa ndani yake ni aliyelima, aliyeteka maji, aliyepika na dereva aliyenifikisha, na mtu aliyesikiliza orodha hiyo hadi mwisho hali kwa pupa.

Wiki ijayo nina ukaguzi Busia, ambako ugali hupikwa kwa unga wa muhogo na mtama, na tayari nimempigia simu mwenye hoteli ninayoizoea. Ameniahidi omena za kuchemsha na kunde zisizokaangwa mara ya pili, ila ameniambia niwasili kabla ya saa saba, kwa sababu madereva wa malori wamekwisha kuzigundua.