Pistoni ya kati

Leo asubuhi hapa Moshi bendi moja ya matarumbeta ilikuwa inaadhimisha mwaka mwingine wa kuzaliwa kwake. Viti vimejaa, watoto wamekaa chini mbele kabisa.

Wimbo wa pili, tarumbeta ya kwanza ikanyamaza. Pistoni ya kati, yaani kile kitufe cha kubonyeza kwa kidole, imekwama.

Tarumbeta ina pistoni 3. Kila moja inataka matone machache ya mafuta mepesi kabla ya kupiga. Yakikosekana, mate na vumbi hufanya utando, pistoni inapanda kwa uvivu, mwisho haipandi. Msiweke mafuta ya kupikia jamani, yananata!

Ichomoe, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushe, ipake mafuta, irudishe kwenye tundu lenye namba yake. Ukichanganya namba, hewa haipiti vizuri.

Kilichoniuma: kichupa cha mafuta kilikuwa kimoja kwa bendi nzima. Kilipita mkono kwa mkono, kila mtu tone moja.

Pesa ya matengenezo itoke wapi? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inasaidia vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, lakini ni mkopo. Hauna riba, ila unarudishwa. Kunyoosha tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, iliyobonyea hakuleti pesa ya rejesho. Bendi inahitaji fungu la matengenezo kwenye bajeti, hata dogo, mradi lije kila mwaka.

Wapigaji wa Arusha na Moshi, bendi zenu zinapata wapi pesa ya mafuta na spea?