Jua kwanza: tunavyopita miezi ya majani kupukutika Leicester na mabinti wawili

Ndugu wakipiga simu kutoka Tanga mwezi wa kumi, swali huwa ni lile lile: baridi imeanza? Imeanza, nawajibu. Lakini baridi ina dawa yake, unavaa. Mwanga ndio unaotawala nyumba yenye watoto wadogo huku Uingereza kuanzia Septemba. Mwanzoni mwa mwezi huo jua la Leicester linazama karibu saa mbili usiku, watoto wanaoga huku kungali kweupe. Ikifika katikati ya Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Jioni nzima imeliwa, na mtoto wa miaka minne hana namna ya kukuelezea kilichompata. Anachojua ni kulia, kugombana na dada yake, na kukataa chakula.

Wanangu ni wawili. Mkubwa ana miaka saba, mdogo ana minne na ameanza darasa la awali Septemba hii. Baba yao anafanya zamu ya usiku ghalani, kwa hiyo mchana analala, na nyumba yetu ni ndogo, kuta nyembamba. Mimi nahudumia wazee majumbani asubuhi, namaliza kabla ya shule kutoka. Shule inatoka saa tisa na robo. Saa kumi na moja mkubwa anaingia madrasa mpaka saa moja usiku. Ratiba za familia nyingi za Kiislamu hapa mjini zinafanana na hii, na najua kina mama wenzangu wengi wanaoihangaikia kama nilivyoihangaikia mimi.

Kilichotusaidia ni sharti moja la nyumba: jua kwanza. Kuanzia Septemba mpaka likizo ya Desemba, tukitoka getini kwa mwalimu hatuingii ndani. Tunakwenda moja kwa moja bustanini na tunabaki huko mpaka giza lianze kushuka, au mpaka saa ya madrasa ikitangulia. Kitabu cha kusoma, kuoga, chakula cha usiku, kusuka nywele, vyote vinasubiri, maana giza lina muda wa kutosha kwa hayo yote. Zamani za kiangazi tulifanya kinyume: kwanza nyumbani, kula, kupumzika, halafu ndiyo kucheza. Kwa Juni na Julai utaratibu huo ni sawa kabisa. Kwa Novemba, ukishavua viatu ndani, siku ya mtoto imekwisha.

Siri ya utaratibu huu ni kikapu. Mtoto wa darasa la awali anatoka shule na njaa kali, na mwenye njaa hachezi. Kwa hiyo usiku wakishalala napika mara mbili: chakula cha kesho usiku, na kitu cha kikapuni. Viazi vitamu vya kuchemsha, chapati iliyoviringishwa na yai ndani, au maandazi ya Jumapili yaliyobaki. Chai ya maziwa yenye tangawizi ipo kwenye chupa. Buti za mpira nazibeba kwenye mfuko, wanabadilisha pale pale kwenye benchi. Mdogo ananyoosha mguu mmoja huku mkono umeshika chapati, na buti ya kushoto lazima niivute mara mbili ndipo kisigino kiingie. Chapati ikiisha, hamwoni tena.

Oktoba bustani inajaa kokwa za kahawia zinazodondoka kutoka kwenye ile miti mikubwa yenye majani kama kiganja. Zinakuja ndani ya ganda la kijani lenye miiba. Ukilikanyaga kwa upande linapasuka, na kokwa inatoka inang'aa kama meza iliyotoka kupakwa vanishi, na doa moja jeupe. Watoto wa hapa huzitoboa, wakazitia uzi na kuzigonganisha. Mzazi mgeni ajue jambo moja: hizo haziliwi, zina sumu. Zipo nyingine zinazofanana nazo ambazo huliwa na huchomwa mitaani, lakini ganda lake lina miiba mingi myembamba, karibu kama manyoya. Wanangu nimewaambia tu kwamba cha chini hakiendi mdomoni, basi.

Mbegu za mwaloni ulio kona ya mtaa wetu wao huzileta nyumbani. Baba yao alitafuta maboksi mawili ya mayai, akayaweka pamoja, na hilo likawa bao. Si bao kamili la mashimo 32 na kete 64, lakini kugawa kete wanagawa na kuhesabu wanahesabu. Mkubwa sasa anamfunga baba yake, na kwa kweli hapendelewi. Nimewaona wakicheza Jumapili mvua ikipiga dirisha, hakuna aliyeuliza televisheni.

Kubwa zaidi katika miezi hii ni kurudishwa nyuma kwa saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa nane usiku, saa zinarudishwa zikawa saa saba. Watu wazima wanafurahia saa moja ya kulala. Mtoto haijui habari hiyo. Tumbo na macho yake yanaamka vile vile, kwa hiyo aliyezoea kuamka saa kumi na mbili sasa yuko kitandani kwako saa kumi na moja alfajiri, anataka uji. Wiki moja kabla ninaanza kuchelewesha kila kitu kwa dakika kumi: chakula cha usiku, kuoga, hadithi, taa. Usiku unaofuata dakika kumi nyingine. Mpaka siku yenyewe wanakuwa wameshafika bila kujua. Kusogeza muda wa kulala peke yake hakutoshi, lazima na chakula kisogee, maana njaa ndiyo inayowaamsha. Na asubuhi taa ya chumbani haiwashwi mapema hata kama wameamka. Tunazungumza gizani, polepole, mpaka muda ufike.

Saa zikirudi nyuma, na sisi na Tanga tunapishana saa tatu badala ya mbili. Hili limetuwekea wakati mzuri wa kumpigia bibi yao. Tukiwa bustanini saa tisa na nusu, kule ni saa kumi na mbili na nusu, bibi yuko barazani. Novemba kule vuli inanyesha, anawaonyesha maji yanavyotiririka kutoka kwenye bati, nao wanamwonyesha majani. "Mwanangu mbona miti imeungua?" aliniuliza mwaka wa kwanza, na mkubwa akamjibu kwa niaba yangu: haijaungua, bibi, inalala. Katikati ya Desemba jua la Tanga na la Leicester yanazama karibu pamoja, hata nusu saa haipishani. Mabinti wanapenda sana hilo. Wanamsikia muadhini wa Magharibi wa kule kwenye simu, na hapa nasi muda si mrefu unaingia.

Watu wengi wanadhani jua hili la Novemba linawapa watoto vitamini D. Haliwapi. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la huku ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaohitaji zaidi. NHS, huduma ya afya ya taifa ya huku, inashauri mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hii, na kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne mwaka mzima. Wanangu nawapa ya matone, kwenye kijiko, baada ya uji. Bustanini tunakwenda kwa ajili ya miguu, usingizi na moyo mweupe; vitamini ni ya chupa, na vyote viwili vinahitajika.

Nikiwa kwenye afya, niseme na la chanjo, kwa sababu naulizwa sana na kina dada. Msimu huu shule za msingi zinatoa chanjo ya homa ya mafua kwa kupuliza puani, na ile ya kupuliza ina jelatini ya nguruwe. Wazazi wengi Waislamu wakisikia hivyo wanaandika hapana kwenye fomu, yakaishia hapo. Dada yangu, usiishie hapo. Ipo sindano isiyo na jelatini, unaiomba. Mdogo alilia kidogo akapewa stika, na homa ya mafua kwa mtoto wa umri wake si jambo la kuchezea.

Kwenda nje kila siku maana yake nguo mbichi kila siku. Makoti ya mvua, soksi, suruali zenye tope mpaka magotini. Nyumba za huku zikianikwa nguo kila chumba zinaota ukungu, na ukungu unaingia vifuani mwa watoto. Sisi tunaanika bafuni tu, mlango umefungwa, dirisha limefunguliwa kidogo, na vitanda vya watoto havigusi ukuta wa nje. Anayekaa nyumba ya halmashauri au ya shirika la nyumba ajue kwamba tangu Oktoba 27, 2025 ipo Sheria ya Awaab, inayobeba jina la mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumbani. Mwenye nyumba akiripotiwa unyevu na ukungu wa hatari ana siku 10 za kazi kuuchunguza, na la dharura ashughulikie ndani ya saa 24. Ripoti kwa maandishi, utunze nakala. Kila nikilisoma jina la mtoto yule nafikiria wazazi wake.

Chakula cha usiku kinapendeza zaidi miezi hii kuliko wakati wowote. Novemba ikiingia tu, maboga makubwa ya rangi ya machungwa yaliyowekwa madukani kwa ajili ya Halloween, sherehe ya kuchonga maboga ya Oktoba 31, yanauzwa kwa bei ya kutupa. Boga hilo limekuzwa kwa kuchongwa, lina maji mengi na utamu mdogo. Silitii maji hata tone. Linaiva kwa maji yake na chumvi kidogo, nayamwaga yaliyozidi, ndipo naweka tui zito, sukari na iliki. Mabinti wanachokora mbegu kwa vijiko, tunazikausha juu ya hita na kuzikaanga. Nikitaka boga la kushiba kweli nakwenda kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka, aliyezaliwa Jinja na kuja huku msichana mdogo mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa Uganda. Kiswahili chake bado kipo. "Karibu mama, mihogo imefika, chukua hii, ile ya jana si nzuri." Wanangu anawasalimia "hamjambo", na lazima wajibu "shikamoo bibi" kwanza, wanatoka na karanga mkononi.

Wiki za mwisho kabla ya likizo ndizo ngumu. Kati ya kutoka shule na kuzama kwa jua hubaki kama nusu saa, na kukiwa na mawingu hata hiyo haionekani. Hapo tunalihamishia jua asubuhi. Linachomoza kama saa mbili na dakika kumi, kengele ya shule ni saa tatu kasoro robo, kwa hiyo gari linabaki nyumbani na tunatembea, tukizunguka kwa njia ndefu ya bustanini. Baba yao akiwa ndio anarudi kutoka kazini tunakutana naye njiani, anambeba mdogo mabegani mpaka getini, kisha anakwenda kulala. Jioni ya siku hizo nawaacha waingie ndani mapema, bao linatolewa, na boga linapashwa moto.