Jinsi nilivyowazuia bakteria kula mafuta waliyotengeneza

Aina yetu ya bakteria wa E. coli, tuliyoibadilisha maabara, ilikuwa ikitoa asidi za mafuta vizuri jioni, lakini kufikia asubuhi sehemu kubwa imetoweka. Tulirudia vipimo, jibu likawa lile lile. Nilipata mwanga nilipochora asidi na glukosi kwenye grafu moja: asidi zilianza kushuka pale pale glukosi ilipoisha. Bakteria walikuwa wanazila.

E. coli hujenga mnyororo wa mafuta ukiwa umeshikiliwa na protini iitwayo ACP. Minyororo mirefu ikirundikana hapo, huzuia vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kemia ndani ya seli) vya hatua za mwanzo na ujenzi hupungua. Ndiyo maana tulikuwa tumeweka jeni ya tesA iliyoondolewa kipande cha mwanzo, ili kimeng'enya chake kibaki ndani ya saitoplazimu (umajimaji wa ndani ya seli) na kuziachia asidi ziwe huru. Sehemu hiyo ilifanya kazi barabara.

Tatizo lilikuwa fadD, jeni ya kimeng'enya kinachounganisha asidi huru na koenzimu A, molekuli inayoziandaa kuvunjwa. Bila hatua hiyo, seli haiwezi kuanza kuzivunja. Niliifuta kwenye kromosomu, nikathibitisha kwa PCR (kipimo cha kunakili kipande cha DNA ili kionekane), na asidi zikabaki hata sukari ilipokwisha. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hii ianzie hapo.

Usiisukume tesA kupita kiasi, lakini. IPTG, kemikali tuliyotumia kuiwasha jeni hiyo, ilidumaza seli ilipokuwa nyingi. Kiasi kidogo kilileta mavuno bora. Na upime mchuzi wote (kimiminika cha kukuzia bakteria) pamoja na seli zake, kwa sababu baadhi ya asidi hushikamana na seli.